Simu Tatu kutoka Mafinga

"Mama, siku ile..."

Sauti ilikatika tena. Anord alikohoa, akasogeza maiki, akarudisha picha nyuma kwa mara ya nne.

Kwenye kompyuta ilikuwa katuni ya Kijapani. Mwanamke mmoja alikuwa amepiga magoti mlangoni kwa mama wa rafiki yake wa utotoni; rafiki huyo alikuwa amezama mtoni. Maandishi ya Kiingereza chini ya picha yalisema: alinigongea, sikumfungulia.

"Kaka Anord, unaumwa?" Sekela, mwenye kibanda cha muvi pale Ilomba, Mbeya, alikuwa amekaa kizingitini akingoja kazi yake. "Wateja wananiulizia hiyo katuni tangu Jumatatu."

"Nimechoka tu."

Hakudanganya. Kwa miaka kumi yeye na rafiki yake Liberatus walitafsiri muvi kwa sauti zao ndani ya chumba hicho chenye mablanketi ukutani. Yeye alikuwa majambazi, polisi na msimulizi. Liberatus alikuwa mabibi, watoto na vicheko vyote. Halafu Liberatus akasema anakwenda Mafinga kupakia mbao. Anord akamwita msaliti. Hawakusemeshana miezi minne, mpaka lori la mbao lilipopinduka na kumuua Liberatus. Tangu hapo sauti zote zilikuwa zake peke yake, na kila jioni koo lilimuuma.

"Hii nitakupa keshokutwa," alimwambia Sekela, akazima kompyuta.

Kesho yake mchana alikuwa Iringa, akikata njia za vumbi za Kihesa, koti mkononi. Yudith, mjane wa Liberatus, alikuwa uani akipukuchua mahindi.

"Karibu, shemeji. Hatujaonana tangu msiba."

"Tangu msiba, shemeji."

Anord alikalia ndoo iliyopinduliwa. Kwenye basi alikuwa amepanga maneno mengi, yakabaki machache.

"Siku ile ya ajali Libe alinipigia kutoka Mafinga. Mara tatu. Simu nilikuwa nayo mkononi. Niliiangalia ikiita mpaka ikanyamaza."

Punje ziliendelea kudondoka kwenye beseni.

"Najua," Yudith alisema. "Simu yake waliniletea. Jina lako lilikuwa juu kabisa kwenye simu alizopiga."

"Ulijua! Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie mimi?" Aliweka gunzi chini. "Hilo la simu nilikusamehe siku ya arobaini. Watu hugombana. Lakini miaka miwili, shemeji! Miaka miwili nina jina la mume wangu mdomoni, sina mtu wa kulitaja naye."

Anord aliinama. Alilia bila sauti, mabega tu yakitikisika, kama mtu aliyeishiwa nguvu hata za kulia. Yudith hakumbembeleza. Alimwacha mpaka akamaliza.

"Alitaka kuniambia nini?" Anord aliuliza.

"Asubuhi ile alisema mbao zimemshinda, mgongo umekufa. Alitaka kurudi kwako. Ila aliogopa utamcheka."

Anord alijifuta uso kwa koti.

"Ningemcheka, shemeji. Wiki nzima ningemcheka. Halafu ningempa maiki."

"Nilimwambia hivyo hivyo," Yudith alisema.

Jirani alipita nje ya ua na kuni kichwani. "Mama, una mgeni?"

"Ndiyo. Rafiki yake Libe, yule wa Mbeya."

Kuku wawili walisogea, wakadonoa punje zilizotawanyika kando ya viatu vyake. Anord hakuwafukuza.