Nyumba ya Kuvutwa

Kosa lilikuwa langu. Niliifungia nyumba ya Mugure magurudumu manne ya wilbaro, na kwenye karakana yangu hapa Free Area, Nakuru, ilisukumika kwa mkono mmoja. Sikufikiria matope ya Molo mwezi wa nne.

Ilikuwa nyumba ndogo ya mabati kwenye fremu ya mbao, yenye nafasi ya kitanda na magunia mawili. Mugure alikuwa akiishi kwenye hema kambini Nakuru tangu nyumba yake ichomwe Januari ile ya 2008, kwenye ghasia za uchaguzi.

"Gurdial," aliniambia siku ya kuiagiza, "mbegu zangu za viazi zimechipua. Zisipoingia udongoni wiki hii, zitaoza. Na sitapanda halafu nirudi kulala kwa hema. Nitalala kwa shamba langu."

Lori lilitushusha kando ya lami. Shamba lilikuwa kilomita moja ndani. Tulisukuma hatua kumi hivi, magurudumu yote yakazama.

Vijana waliojikinga mvua dukani wakacheka.

"Mzee Singh," mmoja aliniuliza, "hiyo ni nyumba ama wilbaro?"

"Mathe, rudi kambi! Hata matope imekukataa."

Mugure hakuinamisha kichwa. "Matope ni yangu," alisema. "Nimeyalima miaka kumi na tisa. Wewe ulikuwa bado unanyonya."

Mimi nilikuwa nikitazama magurudumu. Gurudumu hukanyaga mahali padogo ndipo likazama. Mti mrefu uliolala ungegawa uzito. Mugure alikuwa amekuja na nguzo mbili za lango, za saipresi, ndefu kuliko nyumba yenyewe. Nikamwomba.

"Chukua," alisema. "Lango litangoja."

Nilizibandua maganda, nikazichonga upande mmoja zikawa bapa. Ncha za mbele nilizikata mshazari kwa chini, ziinuke juu ya tope badala ya kulichimba. Kisha niling'oa magurudumu, nikapigilia nguzo chini ya fremu, moja kila upande, na kuzipaka oili chafu niliyopewa na dereva wa lori. Ilinichukua saa mbili. Vijana walichoka kucheka, wakabaki kutazama.

Mugure alijifunga kamba kiunoni, akavuta. Nyumba ikateleza kama hatua mbili, ikasimama. Akavuta tena.

Hapo ndipo Kemboi alipotokea na ng'ombe wawili wa kulima. Shamba lake limepakana na la Mugure. Mwezi wa kwanza, nyumba zilipochomwa, alikuwa wapi, sikujua, na sikuuliza.

"Mama, hiyo kamba lete," alisema.

"Ng'ombe wako watapita mbele ya watu wote hawa, Kemboi."

"Wapite."

"Watu wako watakusema."

"Nimesikia." Alikuwa ameshainama anafunga fundo.

Mugure aliifungua kamba kiunoni. Aliinua gunia lake la mbegu, akatangulia.

Nyumba ilipita dukani, ikapita kanisani, ikapita boma la Kemboi mwenyewe, ambako mtu alisimama mlangoni na kuguna kwa sauti. Kemboi aliwachapa ng'ombe kidogo tu. Nyuma yetu kulibaki mistari miwili myembamba kwenye tope, imenyooka.

Tuliisimamisha kando ya sakafu iliyoungua ya nyumba yake ya zamani. Mugure alianza kuchimba mashimo ya viazi kabla hata sijapumzika. Nilipoona jioni inakaribia nilimwambia, "Nguzo nitaziacha hapo chini. Kukiharibika tena, utavutwa haraka hadi lami."

Alisimamisha jembe.

"Zing'oe, Gurdial."

"Mugure, fikiria kwanza."

"Nilifikiria miezi mitatu kwenye hema. Hizo ni za lango. Zing'oe."

Nilichukua mtalimbo. Nyumba ilipokaa chini, fremu ilizama vidole vinne kwenye udongo. Mugure na Kemboi walikuwa tayari wamechimba mashimo mawili ya lango kando ya njia. Tukazisimamisha nguzo ncha nilizochonga zikitangulia, nazo zikaingia bila shida.