Zamu ya Juu

Siku Hafiz alipomaliza kupanga kompyuta ya kuongozea chombo chake cha angani, mkewe Mwanamize alikuwa kwenye mkeka ukumbini akipinda ukosi wa gauni la mteja. Meza yake ya cherehani ilikuwa chumbani, imebeba laptop ya Hafiz, chaja, feni ndogo na kikombe cha chai kilichosahauliwa. Cherehani yenyewe ilikuwa chini tangu mwezi wa Mfunguo Mosi, kwa ahadi kwamba ni kwa siku mbili tatu tu.

Hafiz alikuwa fundi wa simu Chake Chake, na kila akirudi nyumbani Wawi alikaa mbele ya mchezo wa kurusha vyombo vya angani. Haukuwa mchezo wa watoto. Chombo kilikuwa na kompyuta tatu, moja ya kupandia, moja ya kuzungukia dunia na moja ya kushukia, na hakuna hata moja iliyokubali kuambiwa iende wapi kabla haijaambiwa iko wapi. Hafiz aliiandikia ile ya kwanza latitudo na longitudo ya nyumba yao, urefu wa sakafu kutoka usawa wa bahari, na upande unaoelekea mlango. Kisha ikataka nyota mbili za kujilinganishia. Majina ya nyota yalikuwa ya Kiarabu, yameandikwa ovyo na Wazungu. Hafiz aliyatamka sawasawa, kama alivyofunzwa chuoni utotoni, na kompyuta ikaridhika. Taa nyekundu ikageuka kijani.

Baada ya Maghribi bati la chumbani likajiinua, Hafiz akapanda angani na kiti chake, likajifunga. Mwanamize alisikia misumari ikirudi mahali pake. Jirani yao, Bi Mardhiya, alipaza sauti kutoka uani kwake kuuliza kama mbuzi wamefungwa, maana moshi huwatia wazimu. Walikuwa wamefungwa.

Tangu siku hiyo Hafiz alipanda kila jioni. Mwanamize hakuona la kulalamikia. Wavuvi huenda dago, wakalala kambini wiki kadhaa, na wake zao hawaangui kilio. Wa kwake alikwenda juu badala ya kwenda mbali, basi. Kilichomkera ni asubuhi. Hafiz hakurudia darini alikotokea. Alirudi kwa mlango wa mbele, kwa miguu, ananukia udi.

"Baba Ruweida, huko juu wachoma udi?"

Ruweida ni binti yao, anasoma Unguja.

"Injini ile," alisema Hafiz. "Ikipoa yanukia hivyo."

Siku nyingine Mwanamize alikuta magamba kwenye pindo la suruali.

"Na haya?"

Hafiz aliyatazama kitambo. "Vumbi la angani."

"Vumbi la angani lanuka nguru?"

"Weye hujafika huko, Mama Ruweida."

Hilo lilikuwa kweli. Lakini Mwanamize gamba moja alilitia kwenye kopo la vifungo. Kuanzia hapo akawa anafua nguo za mumewe kipande kimoja kimoja, na kila mfuko anaugeuza ndani nje. Alipata mchanga mweupe, ambao Wawi haupo. Alipata uzi wa kanga asiyoijua. Alimpakulia chakula, akamtazama anavyokula, na akaona kwamba mtu huyu anayedai kukesha angani hana njaa.

Ijumaa, Hafiz alipokwenda msikitini, Mwanamize aliketi mbele ya meza yake mwenyewe na kuifungua, kwenye laptop, kompyuta ya tatu, ile ya kushukia. Ilikuwa na ramani, na kwenye ramani msalaba mwekundu. Alitarajia msalaba uwe baharini, au kiwanjani kwao nyuma ya mgomba. Ulikuwa Tumbe, kijiji cha wavuvi huko kaskazini.

Akaikuza picha. Akaona diko, wachuuzi wakipakia samaki kwenye pikapu. Akaikuza tena, akaona kichochoro, kisha nyumba yenye bati jipya, kisha kamba ya nguo uani, na kwenye kamba gauni la zambarau linalopepea kwa upepo wa saa ile ile. Gauni hilo alilijua. Hafiz ndiye aliyemletea kitambaa na vipimo, akasema ni vya dada yake. Mwanamize alishangaa kidogo wakati ule, kwa sababu dada huyo ana watoto saba na kiuno hana, lakini akadhani wifi yake anajipendekeza tu. Akalishona kwa moyo mmoja, akatia marinda, wala hakutoza kitu.

Basi alikuwa amemshonea mke mwenziwe gauni la harusi. Ilimuuma. Na kilichomuuma zaidi ni kwamba, hata kutoka juu vile, mshono wa kiuno ulionekana umekaa vizuri.

Jumapili alasiri kikao cha wazee kilikaa ukumbini. Alikuja Ami Nyange, ndugu wa marehemu baba yake Mwanamize, na Khatib, kaka mkubwa wa Hafiz. Hafiz hakukana. Alikuwa amemuoa Kauthar, wa Tumbe, kwa walii na mashahidi.

"Kuoa si kosa," alisema Ami Nyange. "Kosa ni kutogawa zamu. Wagawa?"

"Nagawa, Ami."

"Tangu aanze kupanda hajalala humu," alisema Mwanamize.

Hafiz alieleza kwa upole, kama anayemweleza mteja ubovu wa simu yake. Kule juu, alisema, mtu anaizunguka dunia upesi, na kila mzunguko jua linachwa na kucha. "Napanda Maghribi hapa kwa Mwanamize. Kompyuta imeandikwa nyumba yake. Nazunguka mara mbili, ndo usiku zake mbili hizo. Kisha nashuka Tumbe, nampa Kauthar mmoja."

Khatib aliuliza kama kweli kule jua linachwa kabisa.

"Kabisa, kaka. Na nyota zaonekana."

Ami Nyange alihesabu kwa vidole, akarudia, akamgeukia mtoto wa nduguye.

"Mwanangu, jua likichwa ni usiku. Weye ndo uliyezidishiwa. Haki ya mwenzio imo kwako."

"Ami, huo usiku mie siuoni."

"Kuuona si sharti. Kupewa ndo sharti."

Akamnasihi amtake radhi Kauthar, wakipata nafasi ya kuonana. Wakanywa kahawa, wakala halua, wakaondoka, na Khatib akamsifu mdogo wake kwa uadilifu.

Kesho yake Hafiz alipokuwa dukani, Mwanamize aliketi tena kwenye kompyuta. Alichukua nambari za ile ya kwanza, zinazosema nyumba iko wapi, akaziandika kwenye ile ya tatu, mahali pa Tumbe. Msalaba ukahama ukaja uani kwake. Kisha akaingia jikoni, akamimina mkate wa kumimina, akaunga pweza kwa nazi, akajifukiza udi wake mwenyewe. Alikuwa na matumaini, na aliona haya kuwa nayo.

Chombo kilishuka baada ya mizunguko miwili, baina ya choo na mgomba. Kiliunguza duara la majani na kuangusha shuka moja iliyoanikwa. Hafiz akatoka, akatazama huku na huku.

"Umeigusa kompyuta."

"Nimeigusa. Karibu."

Hakukasirika. Alinawa, akala vizuri, akasema pweza amelainika. Akafuta mkono na kuuliza ufunguo wa pikipiki uko wapi.

"Waenda wapi?"

"Zamu ya Kauthar."

Mwanamize alisimama mlangoni mpaka taa nyekundu ya pikipiki ikapotea kwenye njia ya kaskazini. Kompyuta haikuwa na kosa. Ilikileta chombo pale pale ilipoambiwa.

Hafiz hakuzirudisha nambari za zamani. Alisema hivi ni bora, anapata chakula njiani. Ami Nyange alipopata habari alisema muda ule wa kula nao uhesabiwe kwa Mwanamize, ili asije akasema anadhulumiwa. Mbuzi walizoea, na Bi Mardhiya akawa anaanua nguo mapema.

Asubuhi moja Hafiz alirudi na mfuko wa plastiki. Ndani yake mlikuwa na lile gauni la zambarau.

"Kauthar kasema kiuno chambana."

"Kanenepa?"

"Ana miezi mitano."

Mwanamize aliligeuza ndani nje. Kitambaa cha akiba kilikuwapo ndani ya mshono, kwa sababu ndivyo anavyoshona, hashoni nguo ya siku moja. Hafiz alipopanda Maghribi, yeye alitoka barazani na wembe, akaanza kufumua marinda, uzi kwa uzi, asije akalichana. Taa ndogo ikapita juu ya bati, ikaenda upande wa baharini, ikazimika ilipoingia gizani. Aliitazama mara moja tu.

Ilipoadhiniwa Isha alikuwa amemaliza upande mmoja wa kiuno, na mumewe, kwa hesabu ya wazee, alikuwa ameshalala kwake usiku mzima.