Boti Aliyoiita Takataka

Ovide Naquin alikuwa na bunduki tano na boti tano, na katika mali yote hiyo, zilizofanya kazi sawasawa ni bunduki. Kila Jumapili baada ya misa alizitoa kabatini, akazisafisha mitutu kwa kitambaa chenye mafuta, akazirudisha na kufunga kwa ufunguo. Boti ndizo zilizomla. Tangu astaafu kazi ya visima vya mafuta baharini, alishinda bandani nyuma ya nyumba, kando ya bayu, yale maji mazito ya Louisiana yasiyo na haraka ya kwenda popote, akifungua injini hii ili aiponye ile. Mkewe, Earline, alimpelekea kahawa humo humo, kama mgonjwa aliyelazwa.

Boti ya tano ilikuwa ya mbao za sipresi, nyembamba, ubavu mmoja umeoza. Alihangaika nayo miaka hadi akaichukia. Siku jirani yake Leontine Verret, mjane aliyekuwa dereva wa basi la shule, alipomuuliza kama anaiuza, Ovide alicheka.

"Takataka hiyo? Ichukue bure, Bi Leontine. Utanipunguzia panya."

Leontine akaichukua. Majira ya joto yote Ovide alisikia randa na nyundo ng'ambo ya ua, akawa anatabasamu peke yake. Anacheza tu yule mama, alijiambia.

Majani yalipoanza kupukutika, boti ikashushwa majini. Ilikuwa ya kijani kibichi, imenyooka, imekaa juu ya maji kwa wepesi kama isiyo na uzito wowote. Wanaume waliokuwa gatini wakaiinamia na kuipapasa.

"Nani kakutengenezea, Bi Leontine?"

"Mimi. Mlidhani nani?"

Ovide alisimama nyuma yao, mikono mifukoni. Ile ilikuwa boti yake. Yeye ndiye aliyeiona kwanza, chini ya kibanda cha mzee mmoja, na kuiburuta matopeni hadi nyumbani. Jioni ile hata gambo, ule mchuzi mzito wa kamba wa baharini alioupenda kuliko chakula chochote, aliuacha sahanini.

"Imepinda kushoto," alimwambia Earline.

"Imepinda, au macho yako ndiyo yamepinda?"

"Hata mimi ningeimaliza."

"Ungeimaliza kabisa, mume wangu. Tungeota moto kwa mbao zake."

Kuanzia hapo hakutulia. Akisikia injini ndogo ya Leontine ikinong'ona mtoni, aliacha spana na kwenda dirishani. Mtu akiisifu ile boti mbele yake, aliuliza habari za hali ya hewa. Mwishowe akaivamia moja ya zile nne zilizobaki, boti ya bati: akabadilisha kabureta, akafunga propela kubwa kuliko iliyostahili, akaikaza injini mpaka ikawa inalia kama ng'ombe aliyekanyagwa. Msimu wa kuwinda bata ulikuwa unakaribia kufunguliwa. Siku hiyo watu wote wangekuwa majini, na wote wangeona.

Kweli, asubuhi ya ufunguzi alimngojea Leontine atangulie. Kisha akafungulia injini yote na kumpita kwa kishindo, wimbi likamrukia yule mama hadi kofiani. Ovide hakugeuka nyuma, lakini moyo wake ulikuwa unacheza ngoma.

Alifika mbali kwenye majani ya kinamasi ndipo injini ikakohoa, ikatoa harufu ya kuungua, ikanyamaza. Aliivuta kamba ya kuiwashia hadi bega likauma. Na upepo ulikuwa wa kaskazini, ule unaoyasukuma maji yote yarudi baharini. Alipochungulia, matope yalikuwa yameanza kuonekana. Akikaa hapo, angelala hapo.

Akachukua bunduki ya marisawa, aliyorithi kwa baba yake, akapiga hewani mara tatu kwa nafasi sawa: ishara ya kuomba msaada. Lakini siku ile kinamasi chote kilikuwa kinalia risasi. Mtu mmoja akapaza sauti kutoka mbali, "Umepata wangapi, Ovide?"

Alipiga tena. Akangoja, akapiga tena. Aliyekuja ni Leontine, kofia imelowa, boti ya sipresi ikipita juu ya maji ya kina kifupi ambayo boti nyingine zisingethubutu.

"Nimesikia tatu, tena tatu," alisema. "Nikasema, bata gani hawa wanaopigwa kwa mpango kama kengele ya kanisa?"

"Injini imeungua."

"Nimeinusa tangu kule kwenye kona. Panda, jirani, maji hayatungoji."

Wakafunga kamba, wakaivuta ile ya bati kutoka matopeni, Ovide akisukuma kwa mti. Alipokaa, akaukagua ubavu uliokuwa umeoza. Haukuwa na kiraka. Mbao zilikuwa mpya zote, zimejikunja bila ufa hata mmoja. Zake zilikuwa zikipasuka kila mara.

"Ulizikunjaje?"

"Kwa mvuke. Sufuria ya kuchemshia kamba wa kula na bomba refu; mbao hulainika humo ndani."

Alidhani ataona aibu. Badala yake wivu ukamng'ata upya, mkali zaidi.

"Niuzie," alisema ghafla. "Nakupa hii bunduki ya baba."

Leontine akamtazama kwa makini. "Earline atakufukuza."

"Nina boti nne za kulala."

Leontine akacheka mpaka akashika ukingo. "Siuzi, Ovide. Lakini shika usukani kidogo, mikono yangu imekufa ganzi kwa maji yako."

Akashika. Boti ikamtii kwa namna ambayo hakuna boti yake iliyowahi kumtii, naye akaipeleka polepole, huku wenzake gatini wakishangilia kwa kejeli alipokuwa akifika na boti yake nyuma kwenye kamba.

"Samahani kwa kofia," alisema kabla ya kushuka.

"Nilijua umekusudia," Leontine alimjibu.

Nyumbani alimsimulia Earline mwenyewe, kabla majirani hawajamtangulia, na akameza chakula vizuri. Lakini asubuhi, injini ile ndogo iliponong'ona ng'ambo ya ua, aliweka kikombe chini, akaenda dirishani, akasimama pale mpaka ikapotea.