Mapigo Matatu ya Falaniko

Mwalimu wetu wa kompyuta aliitwa Lagi, na kwa umri angeweza kuwa binti yangu. Darasa lilianza saa moja na nusu usiku, sala ya jioni ikishapita na watu wameshakula, katika chumba cha shule kilichonuka chaki na mikeka yenye unyevu. Tulifungua kwa wimbo na maombi. Wenzangu wakisema amina, mimi niliendelea kimoyomoyo: Bwana, nipe akili kidogo tu, hata ya kuazima.

Senerita aliketi kando yangu. Sote wawili tulikuwa tumevuka miaka hamsini, na kompyuta tulikuwa tumeigusa kwa kitambaa cha vumbi tu.

"Leitu, unabonyeza kama kuku anayedonoa," aliniambia.

"Na wewe unaipapasa kama mtoto mchanga. Ibonyeze, shoga, haiumii!"

Somo la kwanza tuliiamuru mashine itusalimie. Iliponiita kwa jina langu, machozi yalinitoka, na Senerita akanicheka mpaka akashika mbavu. Baadaye tulijifunza kuiwekea sharti: jambo fulani likiwa kweli, fanya hivi, lisipokuwa kweli, usifanye. Kisha tukajifunza kuiambia irudie kazi. "Mashine haichoki," alisema Lagi. "Ukiiambia irudie, itarudia mpaka umeme ukatike." Tuliliandika neno hilo. Tulidhani tumelielewa.

Senerita hakuja darasani kujifurahisha. Baba yake, Mzee Falaniko, ndiye aliyekuwa mpiga kengele wa kijiji chetu. Kengele yenyewe ni mtungi mtupu wa gesi uliotundikwa ufukweni mbele ya kanisa, unapigwa kwa nyundo. Mapigo matatu maana yake ni sala ya jioni: kila mtu aingie ndani, barabarani asionekane mtu. Mapigo yasiyokatika maana yake ni kwamba bahari inakuja. Mwaka ule wa wimbi, Falaniko alipiga bila kukoma mpaka maji yakamfika kifuani. Wengi tunapumua leo kwa sababu ya mkono ule. Mkewe alikuwa ameshafika nusu ya kilima akageuka kurudi kumtafuta mumewe, na hatukumwona tena.

Sasa kiharusi kilikuwa kimemshika mzee. Mara alipiga mawili, mara matano, mara alisahau kabisa. Baraza la machifu lilisema kwa heshima zote kwamba Jumapili ya Watoto ikipita, nyundo itakwenda kwa familia nyingine. Tangu siku hiyo sahani ya mzee ya magimbi ilirudi jikoni kama ilivyopakuliwa.

"Wakimnyang'anya ile nyundo nitamzika," Senerita aliniambia. "Hana kitu kingine kinachomwamsha."

Kwa hiyo asubuhi moja mkono wa mzee ulipotulia, Senerita alirekodi mapigo yake matatu, akayaweka kwenye kompyuta ya kanisa iliyounganishwa na vipaza sauti. Akaenda barazani kuomba mashine iwe inapiga saa ya sala. Mkono ungekuwa wa baba yake, alisema, mashine ingeshika saa tu.

Chifu mkuu alicheka. "Yaani Falaniko atatupigia kengele amelala?"

"Hata akiwa chooni, mheshimiwa."

Baraza zima liliangua kicheko, likakubali jaribio la jioni moja, siku ya Jumamosi.

Wiki hiyo Lagi alikuwa mjini Apia kwenye msiba. Senerita aliiandika programu peke yake, mimi nikiwa pembeni na rozari yangu. Ilikuwa fupi: rudia daima; tazama saa; ikiwa ni kumi na mbili na nusu, piga. Tuliujaribu mlio kwa kubonyeza, ukatoka safi, mara tatu, ukakoma. Tulikumbatiana. Tuliiombea mashine kama watu wanavyoombea gari jipya.

Jumamosi ilinyesha tangu mchana. Nyumbani kwangu mikeka ilikuwa imetandikwa na mume wangu ameshafungua kitabu cha nyimbo. Mapigo matatu yakaja, mazito na ya taratibu, kama mzee alivyopiga enzi za nguvu zake. Nikamshukuru Mungu.

Pigo la nne likaja.

Mume wangu aliinua uso. La tano, la sita. Yalifuatana bila nafasi ya kuvuta pumzi, na hakuna aliyengoja kuhesabu zaidi. Mume wangu alimbeba mama yake mgongoni, mimi nikakokota wajukuu, tukapanda kilima katika matope pamoja na kijiji kizima, watu wakiitana majina. Mama Fiapaipai, jirani yangu, aliteleza kwenye mawe, akavunjika nyonga. Mayowe yake niliyasikia, na sikusimama.

Senerita alijua ni mashine. Alikimbia kanisani, lakini alipofika mlangoni saa ilikuwa imesogea dakika moja, na mapigo yakawa yamekoma yenyewe. Anasema kimya kile kilimtisha kuliko kelele. Kisha akasikia kengele nyingine kutoka ufukweni: chuma chenyewe, kikipigwa hovyo, bila kukoma.

Huko juu nasi tulisikia. Kuna mtu alikuwa ameanza kusema labda ni ile kompyuta, turudi. Mwingine akamjibu, "Kompyuta inaweza kukosea. Hiyo ni nyundo ya Falaniko." Basi tukabaki kwenye mvua, tukiitazama bahari iliyotulia, tukiimba kwa meno yanayogongana.

Yaliyotokea chini alinisimulia Senerita mwenyewe. Baba yake alikuwa amesimama kwenye mchanga bila shati, ameishika nyundo kwa mikono miwili.

"Baba, basi. Hakuna wimbi. Ni mimi, nimekosea."

"Mama yako amepanda?"

"Baba, twende nyumbani."

"Nakuuliza, mama yako amepanda?"

Alipiga tena. Mkono mmoja ulikuwa umechubuka, damu inatiririka na mvua.

"Amepanda, baba," alisema Senerita. "Yuko juu na watu wote."

Hapo ndipo alipoiachia nyundo.

Jumatatu mkuu wa ukoo wao aliketi chini nje ya nyumba ya baraza, amejifunika mkeka mwembamba wa thamani kama wafanyavyo kwetu wanaoomba msamaha, Senerita akiwa nyuma yake. Machifu hawakuwaacha wakae sana. Chifu mkuu alitoka mwenyewe, akauondoa ule mkeka, akawaingiza ndani, wakasameheana, watu wakalia. Hakuna aliyetamka neno la kuumiza. Na kabla ya kuagana, nyundo ilikabidhiwa kwa familia nyingine.

Lagi aliporudi aliisoma programu akiwa amesimama, na kibegi chake bado begani.

"Haikumbuki," alisema polepole. "Inatazama saa, inaona wakati umefika, inapiga. Inatazama tena, bado ni dakika ileile, inapiga. Haijui kwamba imeshapiga. Lazima uitengenezee mahali pa kukumbuka."

"Ni kazi kubwa?" Senerita aliuliza.

Lagi alisita. "Mistari michache tu, mama."

Senerita aliiandika palepale, kwa kidole kimoja, bila kupapasa. Tukaiweka saa ya mashine karibu na wakati, tukangoja. Mapigo matatu, kisha kimya. Tulikaa tukiitazama mpaka dakika ikaisha, na hakuna aliyepiga makofi. Lagi akasema tufunge kwa sala. Nilijaribu kuiongoza, nikashindwa, akaimalizia yeye.

Sasa jirani yao ndiye anayepiga ule mtungi, naye hupiga vizuri. Jioni hizi huwa napita kwa akina Senerita na sufuria ya kakao kabla ya sala, kengele ikinikuta humo. Mzee Falaniko hukaa kwenye mkeka, miguu ameikunja, mkono wenye kovu juu ya goti. Pigo la kwanza, la pili, la tatu. Wengine tunainamisha vichwa, yeye anakiinua chake na kusikiliza upande wa bahari.

Senerita hamharakishi. Anakishika kitabu cha nyimbo kikiwa wazi mpaka baba yake ateremshe kichwa. Kisha anaanza kuimba.