Chaguo la Kwanza la Thorncliffe Park

Katika ligi yetu ya mtaani, manahodha hupokezana kuchagua wachezaji kabla ya msimu. Mwaka 1996 timu yangu ya Thorncliffe Park ilianza, ikamchukua Mehboob. Mehboob hakuweza kupiga danadana tatu, ila alikuwa na gari la kubeba watu kumi na wawili. Wa pili alikuwa Ashif, ambaye mama yake huleta sambusa uwanjani. Mfungaji bora akaenda kwa wapinzani wetu, Malvern.

“Upuuzi mtupu!” nilimfokea nahodha. “Unachagua mchezaji au dereva?”

Tulifika mapema, tukafungwa saba bila, tukala tukashiba.

Msimu uliofuata gari la Mehboob lilikufa, na mimi nilikuwa nimenunua jipya. Nahodha akanichagua wa kwanza. Nikaomba jezi namba tisa.