Soksi Anahamia Sebuleni

Mama aliniambia asubuhi, akiwa amesimama kwenye mlango wa stoo ninamolala, kwamba wageni wakija nisitoke. Wakwe wa mdogo wangu walikuwa wanakuja mchana kujitambulisha, na sebule ilikuwa imeshapigwa deki mara mbili.

"Kaa humu humu na hilo dudu lako," akasema. "Wakiondoka nitakugongea."

"Na nikibanwa na chafya?"

"Usinitanie. Nimeshawaambia nina binti mmoja."

Alilisema hilo kama mtu anayetaja bei ya nyanya, kisha akanirushia kitambaa chake cha kudarizi, cha kulifunikia dudu, asije mgeni akachungulia akienda chooni. Iliniuma. Mimi ndiye kifungua mimba wake. Niliolewa, nikaachika, nikarudi, na tangu hapo nimekuwa mtu wa kuhamishwa: chumba cha mbele, cha katikati, mwisho stoo, kati ya magunia na feni mbovu. Mama anaogopa watu watasema mkono uliomlea aliyeachika ndio uliomlea anayeolewa.

"Mama, usiache mbachao kwa msala upitao," nilimwambia.

Akanikata jicho, akaenda zake saluni.

Hilo dudu jina lake Soksi. Ni buibui wa mitini, tarantula jike, mweusi tii, ana manyoya, ukubwa wake kiganja changu, na ncha za miguu ni za waridi kana kwamba kavaa soksi. Mimi kazi yangu ni kukata vioo. Mteja mmoja wa dukani alihama akashindwa kusafiri naye, nikamchukua. Watu hunishangaa, lakini Soksi hasengenyi mtu na hajawahi kuniuliza kwa nini nimerudi.

Shida ilikuwa makazi yake. Nilimjengea sanduku la kioo nikapanda mimea ndani, ila stoo haina dirisha. Majani yakawa njano, udongo ukaota ukungu, hewa ikasimama, naye akaacha kula. Hewa nzito ya namna hiyo inaweza kumwua. Vioo vya sanduku jipya nilishavikata na kuviunganisha, na mahali pa kuliweka palikuwa pamoja tu katika nyumba ile: meza ndogo ya sebuleni pembeni ya dirisha, penye mwanga lakini jua lenyewe halipigi. Nilikwishaomba mara kadhaa nikakataliwa. Siku hiyo sikuomba. Mama alipopotea kwenye kona tu, nilibeba vitu vyangu nikahamia sebuleni.

Mdogo wangu alinikuta nimemwaga kokoto juu ya gazeti.

"Dada! Leo? Kweli leo?"

"Leo leo. Shika hii brashi."

"Mama atatuua."

"Ataanza na mimi. Wewe utapata muda wa kukimbia."

Akacheka bila kupenda, akashika brashi. Nikatandaza kokoto chini ili maji yasituame kwenye mizizi, juu yake wavu, kisha udongo uliochanganywa na makumbi ya nazi na vipande vya mkaa. Nikapanda mmea wa kutambaa ukutani kwa nyuma. Nikasimamisha gome la mti lenye uwazi katikati, maana buibui wa aina hii anapanda juu, chini hana haja napo, na ndiyo sababu sanduku lake ni refu kuliko lilivyo pana. Ubavu huu na ule niliacha matundu, hewa ipite.

"Mbona mlango umeuweka mbele?" mdogo wangu akauliza. "Si ungeweka mfuniko tu?"

"Anafuma nyumba yake juu kabisa, chini ya dari. Ukifungulia juu, kila unapompa maji unambomolea. Amejenga leo, kesho umebomoa. Wewe ungekaa nyumba kama hiyo?"

Mdogo wangu aliangalia upande wa stoo, akawa anachezea ile brashi.

Sasa kumhamisha Soksi mwenyewe ni kazi isiyokatizwa katikati. Nilikuwa nimemtoa juu ya kipande cha gome lake la zamani, nimekishika mkononi mbele ya mlango wa kioo, na yeye ametanguliza miguu miwili ndani, mingine yote iko nje, aliposikika mtu anabisha hodi na mlango wa sebuleni ukafunguliwa papo hapo. Wageni wamewahi. Mbele shangazi wa bwana harusi na mkoba wake kifuani, nyuma wanaume wawili, na nyuma yao mama, kakutana nao barabarani, nywele zinang'aa, macho yamemtoka.

"Msisogee!" nikasema. "Akishtuka anaruka."

Wakaganda. Mguu wa shangazi ulikuwa umeinuliwa kuvuka kizingiti, ukabaki hapo hapo hewani. Tangu nirudi, hiyo ilikuwa mara ya kwanza watu katika nyumba ile kunisubiri mimi nimalize, na nisiseme uongo, nilifurahia kila sekunde. Sikumharakisha Soksi hata kidogo. Alipapasa gome jipya, akapanda taratibu mpaka juu, akapotea nyuma ya majani. Nikafunga kioo.

Shangazi akatua mguu. Hakuuliza habari za buibui. Alinitazama mimi.

"Na huyu ni nani?"

"Fundi," mama akawahi. "Fundi wa vioo. Amemaliza, anaondoka sasa hivi."

Ufundi ni kweli. Ningekusanya vifaa nikatokea mlango wa nyuma, na mambo yakaenda vizuri kwa kila mtu isipokuwa mimi.

"Mama," nikasema, "fundi gani anakuita mama?" Nikamgeukia mgeni. "Shikamoo, shangazi. Mimi ndiye binti wa kwanza wa nyumba hii. Niliolewa, nikaachika, nikarudi. Nalala stoo, ila leo ndiyo mwisho. Na huyo wa kwenye kioo ni wangu."

"Sisi tuliambiwa binti ni mmoja," shangazi akasema polepole.

"Tuko wawili." Alikuwa mdogo wangu. Brashi ilikuwa bado mkononi mwake, na harusi ilikuwa yake. "Huyu ni dada yangu."

Mama alimtazama yeye, akanitazama mimi, macho yakamlowa.

"Nenda kanawe mikono," akaniambia, sauti inakwaruza. "Kanawe, uje ukae na wageni."

Sikwenda. Mama yangu namjua. Ningeingia ndani, mlango wa korido ungefungwa nyuma yangu kwa komeo. Nilichukua kile kitambaa chake cha kudarizi, nikafutia udongo mikononi mpaka kidole cha mwisho, nikakaa kwenye kiti kilicho karibu na Soksi. Wageni walikuwa bado wamesimama mlangoni.

"Karibuni ndani," nikawaambia. "Mkae."