Kisima Kilichohamishiwa Likoni

Picha ilikuwa yake. Mwanatabu aliitambua kabla hajavaa miwani, kama mama atambuavyo kikohozi cha mwanawe gizani. Ndoo ya buluu yenye ufa uliozibwa kwa lami, kamba ya nailoni iliyofungwa fundo la mkono wa kushoto, na nyuma yake ukuta wa ile nyumba mpya ya ghorofa tatu, umekiinamia kisima kama mtu anayetaka kukinong'oneza jambo. Hata kidole kilichojipenyeza pembeni mwa picha kilikuwa chake, na alama ya sindano ipo. Lakini chini yake gazeti lilikuwa limeandika kwamba wakaazi wa Likoni wanalia na maji machafu.

Akaketi barazani kwake, Magogoni, kofia aliyokuwa akiidarizi imemlalia mapajani. Baina ya Magogoni na Likoni pana daraja, pana kisiwa kizima, kisha pana kivuko. Kisima nacho hakina miguu.

Kofia za mkono ndizo zilizomlisha tangu alipoachishwa shule darasa la saba. Kuandika kulikuja uzeeni, pale mpwawe Shaza alipomfungulia blogu katika simu, akamwonyesha pa kubonyeza. Mwanatabu akaandika ya mtaani: taa ya njiani iliyozimika, mwalimu wa chuoni aliyestaafu, arusi iliyofana. Na kwa kuwa mamake alimlea kwa vitendawili kuliko kwa fimbo, kila andiko alilifungua kwa kitendawili. Shaza akiyapeleka maandiko hayo katika kundi lao la WhatsApp, Magogoni Asilia, lenye watu mia mbili na ushei. Huko walishindana kujibu. Wakishindwa, yeye huomba mji nao humpa, kama ada ilivyo. Kwa miaka minne alipewa Lamu, akapewa Maka, akapewa hata London, akacheka peke yake jikoni.

Kisha baada ya mfungo, mwenye ile nyumba ya ghorofa alichimba shimo la choo. Mwanatabu alipiga hatua kutoka shimoni hadi kisimani: kumi na moja, tena za mwanamke mfupi. Haukupita muda, maji yakaanza kunuka. Halafu Eddah, binti wa jirani yake Nyamvula, mpika viazi karai, akaharisha hata macho yakamzama. Akalazwa siku nne.

Mwanatabu hakungoja. Aliandika usiku uleule Eddah alipolazwa, na kwa mazoea akaanza: Mgeni wangu hushuka mkavu, hupanda akitiririka machozi. Chini yake akaweka picha, zile hatua kumi na moja, na mtoto aliyelala na mpira wa dripu mkononi.

Majibu yalimiminika. Ndoo, alisema huyu. Ndoo ya kisima, Bi Mwanatabu, leo umetuhurumia, alisema yule. Mmoja akamtumia maua. Hamoud, mkuu wa kundi, akampa heko kwa kuihifadhi lugha ya wazee. Hapana hata mmoja aliyeuliza habari ya mtoto. Alijiona kama mtu aliyepiga yowe la moto, watu wakatoka nje kumsifu sauti.

Kesho yake akaandika bila kitendawili, neno kwa neno kama tofali juu ya tofali. Hapo walisoma. Dada wa Hamoud ameolewa na mwenye ile nyumba, na hilo hakuna asiyelijua. Hamoud alijibu kwa upole wa mtu anayefunga mlango asimwamshe mtoto:

"Bi Mwanatabu, kundi hili ni la kheri. Salamu, dua na taazia. Fitina ina mahali pake."

Watu watatu wa baraza la Hamoud wakaitikia amin. Kabla chai haijachemka, Mwanatabu alikuwa ametolewa kundini. Wengine walimtumia ujumbe wa chinichini kwamba wao wako naye, ila asiwataje. Dukani wakawa wanamwamkia kwa kidevu, na vichwani mwao zimo kofia alizowashonea siku zao za arusi.

Basi akalikimbilia gazeti. Alimpata Kefa, mwandishi wao, akampelekea picha zote na maelezo ukurasa mzima. Kefa alimpigia, akamsikiliza, kisha akauliza:

"Mama, kuna mtu amekufa?"

"La, mwanangu. Twaomba asife."

Sauti ya Kefa ikapoa, kama ya mchuuzi aliyeulizia papa akaonyeshwa dagaa. Akasema ataona.

Sasa ndiyo ameona. Mwanatabu alimpigia simu mara tatu ndipo ikapokelewa. Kefa hakuwa mtu mbaya. Sauti yake ilikuwa ya kijana aliyechoka. Alieleza kwamba mhariri alitaka haraka picha ya kuipamba habari ya Likoni, nazo zake zilikuwapo.

"Si unajua, Mama. Kisima ni kisima."

"Na ukizikwa kwenye makaburi ya watu wengine, mwanangu, utasema kaburi ni kaburi?"

Kefa alicheka, tena cheko la kweli, akaahidi kumwomba mhariri aweke sahihisho. Nafasi ikipatikana.

Kumbe gazeti lilikwisha kumtangulia. Alasiri ile Shaza, ambaye hajatolewa kundini kwa kuwa haandiki kitu, alikuja akamshikisha simu. Hamoud alikuwa amelibandika gazeti lote, na juu yake maneno machache: kwamba kisima ni cha Likoni, Alhamdulillahi, na wale waliouchafulia mtaa jina wamwogope Mungu. Watu arubaini na sita wametia alama ya moyo. Mwanatabu aliitazama picha yake mwenyewe ikitoa ushahidi dhidi yake. Alitaka kukasirika, akakosa hata pa kuishikia hasira.

Siku ya pili alivaa buibui lake la safari, akaenda kwa afisa wa afya. Afisa alimpa kiti, akamwita mama, kisha akatoa gazeti lilelile mezani. Habari hii wanayo, alisema, na wenzake wa Likoni wameshakwenda kutia dawa.

"Ndoo hii ni yetu, baba. Lami hii niliitia mimi."

Afisa aliitazama picha, akamtazama na yeye, kwa huruma isiyokuwa na kazi.

"Lakini Bi, hapa pameandikwa Likoni."

Alirudi jua likiwa limelegea. Akachukua kofia, akatunga uzi, akatoboa tundu la kwanza, la pili. Simu ilikuwa kando yake, uso chini. Kila neno alilofikiri kuliandika lilikuja na mtu wa kuligeuza.

Nyamvula akapita na mitungi miwili, Eddah nyuma yake, miguu bado kama njiti. Mwanatabu alimwuliza kama anayachemsha.

"Ya mtoto nachemsha, Mama, kuni zikiwapo. Ya viazi je? Kiu nayo haingoji gazeti."

Alisema bila ukali, akashika njia ya kisimani. Eddah akabaki, akapanda barazani, akajiegemeza kwenye goti la Mwanatabu kama afanyavyo siku zote.

"Nyanya, nitegee."

"Kitendawili."

"Tega."

Hakuwa na kingine kichwani. "Mgeni wangu hushuka mkavu, hupanda akitiririka machozi."

Eddah alifikiri. Akasema ni jua. Akasema ni mtu aliyefiwa. Akasema ni samaki, kisha akacheka kwa kuwa samaki hashuki mkavu. Mwishowe akanyoosha mikono yote miwili.

"Nimeshindwa. Nikupe mji gani?"

"Nipe Magogoni."

Mtoto akamkazia macho kuona kama anafanya mzaha.

"Magogoni si mji wa kupewa, Nyanya. Hapa ni kwetu. Taja mwingine."

Mwanatabu akafungua kinywa. Lamu alikwisha kupewa, na Maka, na London. Ada ya mchezo ni kwamba asiyepewa mji hatoi jibu, na jibu akawa nalo ulimini, zito, la baridi. Nyuma ya nyumba kamba ilisikika ikikwaruza ukingo wa kisima, ikishuka, ikishuka, hata ndoo ikapiga maji.

"Haya, Nyanya," alisema Eddah. "Nangoja."